Seti ya waidibendi: uliza sensa, usiangalie geji

Nimeling'amua hili juzi gereji huku Nyakato, gari likiwa tayari juu ya jeki. Ukinunua seti ya waidibendi (kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi, kinachoonyesha kama mafuta ni mengi au kidogo) ya kutuni injini, achana na geji inayowaka rangi, uliza sensa iliyomo ni ipi. Chukua yenye Bosch LSU 4.9 badala ya 4.2. Ile 4.2 hulinganisha na hewa ya nje, hivyo ikichafuka inadanganya, na kila baada ya muda unaitoa kwenye ekzosi kuiseti upya kwenye hewa safi. 4.9 kwa kawaida haina usumbufu huo. Ila haziingiliani: kontrola (kifaa kinachoendesha sensa) iliyotengenezwa kwa moja tu haiendeshi nyingine, hata muuzaji akiapa.

Ifunge upande wa juu wa bomba, imeinuka angalau digrii 10 kutoka usawa wa mlalo, maji ya ekzosi yasiipasue. Na usiwashe injini sensa ikiwa haina umeme, itakufa mapema.

Inafeli wapi? Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, au silinda moja ikikosa moto: oksijeni inazidi, geji inasema mafuta kidogo, nawe unaongeza mafuta bure. Ziba na badili plagi kwanza.