Kupanda mwarobaini na mkwaju kwenye mchanga wa Malindi

Kila mti wa nyika una njia yake ya kuvuka kiangazi. Mbuyu hupukutisha majani ukaishi kwa maji yaliyo shinani. Mshubiri hufunga vitundu vya majani mchana, ukavifungua usiku. Mwarobaini na mkwaju hutegemea sana mizizi mirefu, na mizizi hiyo mche hauna bado. Anayeuacha bila maji kwa kuwa "ni mti wa ukame" ataupoteza kabla ya kaskazi kwisha.

Panda masika yakishakolea, mchanga ukiwa umelowa hadi chini. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uchanganye na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mfuko wa plastiki uchane wote uutoe, na mzizi uliojiviringa chini ukate. Ukiuacha utazidi kujizungusha hapo hapo, na mti ukishakuwa mkubwa upepo wa kusi utauangusha.

Kwenye maji ndiko penye kazi. Kikombe kila jioni hulowesha juu tu, mizizi nayo hubaki juu kuyafuata; ukisafiri siku nne, mche umekauka. Afadhali lita 20 mara moja kwa wiki, zimiminwe polepole ndani ya kisahani cha udongo kilichochimbwa kuuzunguka mche, chenye upana wa mita 1. Mwaka wa pili, kila wiki mbili au tatu yatosha.

Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, unene wa sentimita 8, ila usiyafikishe shinani: acha nafasi ya kiganja, maana yakigusa gome huoza na mchwa hupata maficho. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi, yasuuze kwanza.

Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yaonje. Yakiwa na chumvi, ncha za majani zitageuka kahawia. Changanya na maji ya mvua. Kule Lamu, wenye jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, wana nafuu hapa.

Zungushia miiba, kwani mbuzi na punda hawangoji mti ukomae.

Majani yakipukutika usiung'oe. Kwaruza gome kwa ukucha: likiwa kijani ndani, mti u hai. Endelea na maji yale yale, wala usiongeze samadi mpaka uchipue.