Maji ya ndimu kwa mwenye mawe ya figo: vipimo, na namna ya kuyanywa bila kuharibu meno

Jua kwanza mawe yako ni ya aina gani. Ndimu huwafaa zaidi wenye mawe ya kalsiamu na oksaleti (kemikali itokayo kwenye baadhi ya vyakula na mwilini mwenyewe), ambayo ndiyo ya kawaida. Asidi ya sitriki iliyomo hutoa sitrati, na sitrati ikiwa kwenye mkojo hushikana na kalsiamu kabla oksaleti haijaiwahi. Jiwe jipya hukosa pa kuanzia. Jiwe lililokwisha kukomaa halisagwi na ndimu, hata uambiwe nini. Mwenye figo zilizochoka, anayemeza dawa zinazopandisha potasiamu, au mwenye mawe yatokanayo na maambukizi amwone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Pima
Mililita 120 za maji ya ndimu au limau kwa siku nzima, ndani ya lita 2 za maji. Hapo unapata gramu 5 hadi 6 hivi za asidi. Usihesabu ndimu, pima kwa kikombe: moja yaweza kutoa mililita 30, jirani yake yenye ganda kavu isifike 15.

Hatua ya 2: Kamua
Bingirisha ndimu mezani kwa kiganja, kata, kamua kwa mkono, chuja mbegu. Blenda usiitumie, ikisaga ganda na mbegu, juisi inakuwa chungu. Kamulia kwenye bakuli la glasi au plastiki, si sufuria ya alumini. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje, maana maji ya ndimu yakipigwa na jua hubabua ngozi na kuacha madoa meusi ya wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Gandisha
Mimina kwenye trei ya barafu. Pima kwa maji kwanza ujue kijumba kimoja kinabeba mililita ngapi, na hivyo vijumba vingapi vinatimiza zile 120 za siku.

Hatua ya 4: Kunywa
Hapa ndipo wengi huharibu. Kuna wanaoyabugia yote asubuhi, tumbo likiwa tupu. Kiungulia kinawapata, na mchana mkojo unarudi kuwa mzito. Gawa mara nne au tano, pamoja na chakula, na glasi moja iwe ya jioni, kwa kuwa usiku ndipo mkojo hukolea. Lengo ni mkojo wa lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Anayetoka jasho jingi aongeze maji matupu, asiongeze ndimu.

Halafu meno. Ngozi ngumu ya jino huanza kulainika pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yenyewe yako kati ya 2 na 3. Kuyachanganya na maji hupunguza makali, hakuyaondoi. Kwa hiyo tumia mrija, maliza glasi kwa mara moja badala ya kuonja kidogo kidogo saa nzima (kuonjaonja huku ndiko kunakokula meno), kisha sukutua kwa maji matupu. Usipige mswaki papo hapo. Subiri angalau nusu saa, ama sivyo unasugua jino likiwa limelainika. Ukianza kusikia ganzi kila unywapo maji baridi, simamisha na umwone daktari wa meno.

Chumvi usitie, najua wengi hawanywi ndimu bila chumvi. Chumvi husukuma kalsiamu zaidi kwenye mkojo, kwa hiyo unabomoa ulichojenga. Sukari nayo iache.

Ndimu ya unga siipendekezi kwa kazi hii. Asidi ni ileile, lakini hutengenezwa viwandani kwa kuvu wa Aspergillus niger waliolishwa sukari, na haina potasiamu inayokuja na tunda. Sitrati iliyoungana na potasiamu hupunguza asidi mwilini, na hapo figo huachia sitrati nyingi zaidi. Ndiyo maana dawa ya hospitali ni sitrati ya potasiamu. Ndimu ya unga itumie kwenye achari, au kung'olea ukoko mweupe wa birika.