Kuandaa kumbukumbu ya Sahibzade, wana wanne wa Guru Gobind Singh, kwenye gurdwara (hekalu la Wasikh)

Anzeni na tarehe, maana hapo ndipo kamati nyingi hugombana. Ajit Singh na Jujhar Singh, wana wakubwa wawili wa Guru Gobind Singh, Guru wa kumi wa Wasikh, waliuawa vitani Chamkaur. Siku chache baadaye wadogo zao, Zorawar Singh na Fateh Singh, waliuawa Sirhind kwa amri ya gavana Wazir Khan, baada ya kujengewa ukuta wakiwa hai. Ilikuwa Desemba 1704. Vitabu vingine husema 1705, basi kwenye bango andikeni mwaka mmoja tu. Kalenda ya Nanakshahi (ya Wasikh) ya awali huweka siku hizo tarehe 8 na 13 za mwezi wa Poh, yaani 21 na 26 Desemba. Iliyorekebishwa huzisogeza, kwa hiyo fuateni ile inayotumika gurdwarani kwenu.

Akhand Path, usomaji wa kitabu kitakatifu chote bila kukatiza, huchukua saa 48. Mkitaka imalizike saa 3 asubuhi ya tarehe 13 Poh, ianze saa 3 asubuhi ya tarehe 11 Poh. Kwa zamu za saa mbili mbili zinahitajika zamu 24. Wekeni wasomaji wawili wa akiba kwa usiku wa manane hadi alfajiri, kwani mtu akisinzia wakati huo hakuna wa kumpokea.

Langar, chakula cha pamoja cha gurdwarani, iwe ya kawaida: dengu, mboga na chapati, bila vitamu. Watu 50 watatosheka na dengu kavu kilo 3 na unga wa atta (wa ngano) kilo 6. Kisha maziwa ya moto, kumkumbuka Moti Ram Mehra, aliyewapelekea wale wana wadogo maziwa gerezani. Lita 10 zinatosha, kikombe kimoja kila mtu. Tangulizeni maji kidogo kwenye sufuria, moto uwe mdogo, mkoroge hadi chini bila kuacha. Maziwa yakiungua chini, harufu huenea sufuria nzima na hakuna dawa.

Sasa usimulizi, ambao ndio moyo wa siku. Msiwavishe watoto wenu nguo ili waigize Sahibzade: Wasikh hawakubali mtu kuigiza Guru wala familia yake, na wazee watainuka waondoke. Waiteni dhadi, waimbaji wa sarangi na kigoma cha dhadd, au mtoto asimame asome shairi. Msiisimulie kama vita vya Wasikh na Waislamu. Sher Muhammad Khan, Mwislamu na Nawabu (mtawala) wa Malerkotla, alisimama barazani kwa Wazir Khan akapinga watoto kuuawa, na Wasikh wanamheshimu hadi leo. Ukimwacha, umewanyima watoto wenu sehemu ya kweli.

Mata Gujri, mama wa Guru Gobind Singh, na wajukuu wake wawili wadogo walifungwa katika Thanda Burj, mnara wa baridi. Ndiyo sababu familia nyingine za Punjab hulala sakafuni usiku wa siku hizo. Mkifanya hivyo gurdwarani, tandikeni mikeka ukumbini, mbali na mlango, na kila mtoto apewe blanketi.