Ukiwa na selimundu, ongea na bosi ungali mzima

Kazi yangu ya kwanza niliipoteza hivi: bosi alisikia habari za ugonjwa wangu kwa watu, siku ambayo mimi nimelazwa. Sasa nina mwaka wa sita kaunta ya duka kubwa hapa Dar es Salaam, na selimundu ni ileile.

Usingoje ulazwe ndipo useme. Nilimwendea meneja asubuhi, wateja hawajajaa. "Dada, nina selimundu. Maumivu yakiamka siwezi kusimama, pengine siku tatu, pengine wiki. Nikipata kiti, na nisikae chini ya kiyoyozi, yatapungua." Habari za chembe za damu kupinda kama mundu na kuziba mishipa sikumchosha nazo. Alichotaka kujua ni nani atashika zamu yangu, nami nilikuwa nimeshakubaliana na mwenzangu tubadilishane.

Maji kunywa hata foleni iwe ndefu vipi. Wengi tunajinyima kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na mwili ukikaukiwa ndipo maumivu yanapoamka. Mimi nina chupa ya lita moja na nusu chini ya kaunta, na sweta, hata Januari. Haidroksiurea, dawa yangu ya selimundu, nameza kama daktari alivyopanga, siyo nikikumbuka.

ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazini, usiiache hospitali. Ipige picha, peleka nakala kazini, andika siku zako kwenye daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Bila cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa.

Sasa lile tunaloficha. Maumivu yakishapoa, kuna wiki naamka sina panaponiuma, lakini hata kuoga kunanishinda. Miaka mingi nilijiita mvivu, na kazini nikasingizia mgongo. Siku daktari aliponiuliza habari za usingizi nililia, akaandika sonona. Mwambie na wewe, kliniki ileile, siku ileile. Sonona nayo ni ugonjwa, na ED yake ipeleke kazini kama zile nyingine.

Nikitoka kulazwa narudi kazini Alhamisi, si Jumatatu. Nashika zamu tatu, Jumapili nalala.