Sketi ya miezi ya joto: kushona kwa pateni bila kuharibu kitambaa

Sketi inayoelezwa hapa inatanuka kuelekea chini, ina urefu wa sentimita 65, mkanda kiunoni na zipu nyuma. Ni ya kuvaliwa Nairobi kuanzia Januari hadi masika yaanze. Pateni yake, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa, ina vipande vitatu tu: cha mbele, kinachokatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, cha nyuma, kinachokatwa mara mbili, na mkanda. Kazi ngumu haiko kwenye cherehani, iko mezani kabla hujashika mkasi.

Pateni yenyewe

Kama ni ya kupakua mtandaoni, mwambie mwenye saiba achapishe kwa asilimia 100, kompyuta isipunguze ukurasa ili utoshe karatasi. Chapisha kwanza ukurasa wenye mraba wa majaribio, uupime kwa rula. Mraba wa sentimita 10 ukitoka 9.7, sketi ya nyonga 104 itapungua sentimita 3, na hizo ndizo zinazokuwezesha kuketi kwenye matatu bila mshono kupasuka. Maduka yanayochapa ramani za majengo huweza kutoa pateni nzima kwenye karatasi moja ya A0, ukaepuka kubandika A4 nyingi kwa selotepu.

Angalia pia kama nafasi ya mshono imo, yaani kitambaa cha ziada kati ya mshono na ukingo. Pateni nyingi za bahasha za Marekani zina sentimita 1.5 tayari. Za jarida la Burda kwa kawaida hazina, unaongeza mwenyewe.

Vipimo na saizi

Sahau namba ya saizi unayonunulia nguo. Pima kiuno pale mwili unapojikunja ukiinama upande, kisha nyonga mahali palipo panene zaidi, kwa kawaida sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Chagua saizi kwa nyonga, kwa kuwa kiuno ni rahisi kurekebisha. Mfano: nyonga zako ni 104 na kiuno 74, lakini jedwali linaipa nyonga hiyo kiuno cha 78. Ziada ni sentimita 4, na kingo za ubavuni ni nne, kwa hiyo punguza sentimita 1 kwa kila ukingo kiunoni, ukiuchora mstari taratibu hadi ukutane na ule wa nyonga.

Urefu haubadilishwi kwenye pindo. Kata pateni kwenye mstari wa kurefusha na kufupisha, usogeze vipande, kisha unyooshe ubavu upya. La sivyo upana wa chini unabadilika.

Kama umbo lako linaisumbua pateni, nunua shuka kuukuu soko la Gikomba, uishone kwanza sketi ya majaribio bila mkanda. Ni bei nafuu kuliko kuharibu kitenge.

Kitambaa

Kwa mara ya kwanza, chukua kitenge cha pamba au poplini, Eastleigh au Biashara Street. Rayoni hupepea vizuri kwenye joto, lakini huteleza ukikata. Pima upana kabla ya kulipa. Kitenge cha sentimita 115 kikikunjwa katikati kinabaki na 57, na kipande cha sketi kinachukua kama 40 chini, hivyo mbele na nyuma vinapangwa kimoja juu ya kingine: nunua yadi 2. Cha sentimita 150 kinaweza kutosha kwa mita 1.2, ukigeuza kipande cha nyuma kichwa chini. Usifanye hivyo kama maua au ndege wa kitambaa wana juu na chini.

Kifue na ukianike kabla ya kukata, ili wanga utoke na kitambaa kirudi, yaani kipungue, sasa, si baadaye. Chumvi haizuii rangi kuchuja. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, uone kama inatoka.

Kukata

Piga pasi. Weka mshale uliochorwa kwenye pateni sambamba na ukingo wa kitambaa uliofumwa, si uliokatwa: pima kutoka ncha zote mbili za mshale hadi ukingoni, namba ziwe sawa. Usikadirie kwa macho. Sketi inayozunguka mwilini ukitembea mara nyingi ilikatwa mshale ukiwa umepinda.

Mkanda wa upana wa sentimita 3 unakatwa 9: 3 za nje, 3 za ndani na 3 za mishono. Urefu, kwa kiuno cha 74: ongeza 2 za kupumulia, 3 za kufunikiana na 3 za mishono, jumla 82. Ukazie kwa kitambaa chenye gundi cha kupigwa pasi.

Mara tu ukimaliza kukata, piga mshono mmoja kiunoni kwa kila kipande peke yake, sentimita 1.2 kutoka ukingoni, ukianzia ubavuni kuelekea katikati. Bila huo, kiuno kinavutika mikononi mwako na mkanda unakuwa mfupi ghafla.

Kushona

Sindano namba 80 kwa kitenge, 70 kwa rayoni. Urefu wa mshono milimita 2.5. Mshono ukijikunyata, badilisha sindano kwanza ndipo uguse mkazo wa uzi.

Anza na dati, yaani mikunjo yenye ncha inayobana kiuno. Shona kutoka sehemu pana kuelekea ncha, mishono mitatu ya mwisho ikipita ukingoni kabisa, kisha funga fundo kwa mkono. Kurudisha cherehani nyuma kwenye ncha ndiko kunakoacha kichuguu.

Zipu ya sentimita 20: funga mshono wa nyuma, sehemu ya zipu ukiipiga bandi ndefu, yaani mishono ya muda. Fungua mshono kwa pasi, laza zipu kifudifudi, shona kwa mguu wa zipu, kisha fumua bandi.

Mbavu ni mishono miwili iliyonyooka. Cherehani nyingi za miguu hazina zigizaga ya kuzuia kingo zisichanike nyuzi, kwa hiyo peleka kingo kwa fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo, kabla ya kuziunganisha.

Shona mkanda kwa nje, ukunje ndani, umalizie kwa mkono, uweke kishikizo.

Pindo

Itundike sketi usiku mzima. Mbavu zimekatwa mshazari, nazo hushuka. Ukipinda leo, kesho pindo lina mawimbi. Vaa, mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu, mkate panapozidi. Acha sentimita 2, si 4, kwa kuwa ukingo una duara na pindo pana hukunjamana. Pitisha bandi karibu na ukingo, vuta kidogo hadi ulale, piga pasi, ndipo upinde.