Somo la sataranji: vitabu vya kuanzia, na funguzi tatu zinazotosha

Assalaam alaykum wanabaraza. Swali la "nisome kitabu gani" limerudi mara nyingi, leo nalijibu kwa urefu.

Wengi wetu huku Unguja na Pemba tumekulia kwenye bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64; sataranji ina vyumba 64 na kete 32. Hesabu ile ile, imegeuzwa tu. Na kosa la wanaoanza ni lile lile pia: mtu anaijua namua, yaani awamu ya kwanza ya bao, vizuri; kete zake 22 za mkononi zikisha, mtaji, yaani awamu ya pili, unamshinda. Kwenye sataranji hukimbilia vitabu vya ufunguzi. Na mimi nilipita huko. Nilikaa miezi na kitabu kinene cha Sicilian, ufunguzi mmoja wa nyeusi, kisha siku moja nikabaki na mfalme na ngome, mwenzangu ana mfalme mtupu. Akahesabu miendo 50, akadai sare, na ilikuwa haki yake. Anayejua njia humaliza mchezo ule kwa miendo isiyozidi 16. Iliniuma sana.

Kwa hivyo kwanza, anzia mwisho. Chukua Chess Fundamentals cha Capablanca, bwana wa Cuba, kilichotoka 1921, mwaka ule ule aliotwaa ubingwa wa dunia. Kinafungua kwa ngome na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, yaani palepale nilipokwama mimi. Kinapatikana bure na kihalali kwenye tovuti ya vitabu ya Project Gutenberg. Ukitaka zaidi baadaye, Silman's Complete Endgame Course (2007) kimepangwa kwa viwango: soma sura ya kiwango chako, kifunge, ukipanda urudi.

Pili, noa macho. Kitabu cha László Polgár kina mafumbo na michezo 5334, na 306 ya mwanzo ni ya kumfunga mfalme kwa mwendo mmoja. Fanya kumi kila siku. Asiyekuwa nacho, tovuti ya sataranji ya Lichess ina mafumbo ya bure.

Tatu, soma michezo kamili, na hapa ndipo ninapotaka mtulie. Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev (1957) kina michezo 33, na kila mwendo umeelezwa sababu yake, hata ule wa kwanza. Lakini usikisome kitandani kama hadithi. Tandika ubao. Funika ukurasa kwa karatasi, ukionesha mwendo mmoja tu. Kabla ya kushusha karatasi, andika daftarini wewe ungecheza nini na kwa nini. Kisha tazama. Mlipotofautiana na bingwa, kaa hapo hata robo saa. Usiende mbele mpaka umejua yeye aliona nini ambacho wewe hukukiona. Mchezo mmoja kwa siku mbili unatosha. Mtu aliyemaliza kitabu kimoja namna hii nampa heshima kuliko mwenye vitabu mia kwenye simu.

Nne, sasa ufunguzi. Mmoja wa kete nyeupe, miwili ya nyeusi, basi. (Kila chumba kina jina: herufi a mpaka h kutoka kushoto kwa nyeupe, na namba 1 mpaka 8 kutoka upande wake.)

Nyeupe: Italian. Kitunda, ile kete ndogo ya mbele, e4, naye akijibu e5, farasi f3, farasi wake c6, ndovu c4. (Ndovu ndiye wanayemwita askofu, Waarabu mpaka leo humwita fil, tembo.) Anatazama f7, chumba ambacho mwanzoni kinalindwa na mfalme peke yake. Usikimbilie kushambulia. Weka c3 na d3, mfiche mfalme pembeni, ngome iende e1, mzungushe farasi wa b1 kupitia d2 na f1 mpaka g3, ndipo ufikirie d4.

Nyeusi: akianza e4, cheza Caro-Kann, yaani c6 halafu d5. Akianza d4 na c4, cheza Slav: d5 na c6. Mnaona? Vitunda vinakaa umbo moja, kwa hivyo unajifunza nyumba moja yenye milango miwili. Na mara nyingi ndovu wako wa c8 anapata kutoka f5 kabla hujaweka e6. Kwenye French, ufunguzi mwingine wa nyeusi, ambako e6 inatangulia, ndovu huyo hufungiwa ndani.

Usikariri zaidi ya miendo saba, minane. Kila ukimaliza mchezo, tazama ulitoka wapi kwenye ulichokijua, ongeza mwendo mmoja daftarini.

MASWALI

Wa Kikwajuni: Maalim, shukrani. Nimekipakua cha Capablanca lakini naona P-K4, Kt-KB3. Ndo nini?

Jibu: Ni uandishi wa zamani, ndugu yangu. K ni mstari wa mfalme, KB ni mstari wa ndovu wa upande wa mfalme, na namba huhesabiwa kutoka upande wa anayecheza. P-K4 kwa nyeupe ni e4, kwa nyeusi ni e5. Kt ni farasi. Kt-KB3 ni f3 kwa nyeupe, f6 kwa nyeusi. Ziandike upya kwa penseli michezo miwili ya mwanzo, utazoea.

Mama, Chake Chake: Binti yangu ana miaka tisa, Kiingereza bado. Naye apewe kitabu?

Jibu: Mpe cha Polgár, mama. Mafumbo yake ni picha za ubao, hayahitaji lugha. Na mwambie kuwa Polgár aliwafundisha binti zake watatu, na Judit, mdogo wao, aliingia katika kumi bora wa dunia, wanaume na wanawake pamoja.

Wa Wete: Maalim, mimi nacheza e4, wananijibu c5 kila siku. Italian yangu haifiki.

Jibu: Hiyo ni Sicilian. Cheza c3 mwendo wa pili, kisha d4; akila, unakula kwa kitunda cha c3 na katikati inabaki yako. Akikujibu e6 badala yake, d4, naye d5, wewe ule d5 na atakula kwa e6: mchezo mwepesi kuuelewa. Tuletee hapa mchezo mmoja ulioshindwa, miendo yote, tuutazame pamoja.