Namna ya Kupima Upatikanaji wa Tiba ya Methadoni na Idadi ya Wanaofikiwa

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ianze kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, mwaka 2011, huduma hiyo imesambaa hadi Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza na kwingineko, na Kenya nayo ilianza mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Taarifa nyingi huishia kutaja idadi ya kliniki na idadi ya waliosajiliwa. Takwimu hizo zinafaa kwa hotuba ya ufunguzi, lakini hazimwambii mganga mkuu wa mkoa ni waraibu wangapi wa heroini ambao bado hawajafikiwa na tiba.

Kipimo chenyewe ni sehemu: kiasi, yaani namba ya juu, ni watu walio kwenye tiba siku fulani, na asili, yaani namba ya chini, ni watu wote wanaoihitaji. Anza na kiasi, kwa kuwa ndicho rahisi. Chagua tarehe moja, kwa mfano 30 Juni, kisha hesabu kila aliyekunywa dozi walau mara moja katika siku saba zilizoishia tarehe hiyo. Tumia daftari la dirisha la dawa, si la usajili, kwa maana daftari la usajili huongezeka tu bila kupungua: aliyefariki, aliyehamia mji mwingine na aliyerudi kwenye unga, yaani heroini, wote wamo humo. Wanaotumia buprenofini, dawa nyingine inayoshika nafasi ya heroini, nao wahesabiwe. Waache nje wanaopewa methadoni kwa muda mfupi ili kupunguza arosto (mateso ya kukosa unga) peke yake, pamoja na wanaotumia naltreksoni, ambayo huzuia athari za heroini badala ya kushika nafasi yake. Linganisha pia namba za wagonjwa baina ya kliniki, kwani aliyehamishiwa kliniki ya jirani huweza kuhesabiwa mara mbili.

Asili ndiyo yenye kazi, kwa sababu hakuna sensa inayouliza nani anavuta au anajidunga heroini. Njia moja inayowezekana hata kwa bajeti ndogo ni ya kuhesabu mara mbili. Waelimishaji rika wanaoyajua maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, hugawa alama ndogo isiyo na jina kwa kila mraibu wanayemkuta. Baada ya wiki mbili hivi hurudi na kuwauliza wanaowakuta kama waliipokea. Tuseme alama 300 ziligawiwa, na katika mzunguko wa pili walihojiwa watu 250, ambao 50 kati yao walikuwa nayo. Zidisha 300 kwa 250, gawanya kwa 50, utapata watu 1,500.

Hapo wengi husimama, nao hukosea. Aliyetulia kwenye methadoni hana tena haja ya kushinda maskani, hivyo hesabu hiyo haimwoni, ilhali naye ni miongoni mwa wanaohitaji tiba. Kwa hiyo, katika mzunguko wa pili uliza pia nani anakunywa methadoni. Wakijibu ndiyo watu 30 kati ya 250, yaani asilimia 12, makadirio ni kwamba wagonjwa 180 bado huonekana maskani. Kama kliniki ina wagonjwa 330, waliobaki 150 huongezwa kwenye 1,500, na asili huwa 1,650. Kiwango cha ufikiwaji ni asilimia 20. Mtu ambaye angechukua daftari la usajili lenye majina 640 angetangaza karibu asilimia 39 kwa mji huohuo.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa Umoja wa Mataifa huita ufikiwaji ulio chini ya asilimia 20 wa chini, na ulio juu ya asilimia 40 wa juu. Kwa kuwa asili ni makadirio, toa matokeo pamoja na mipaka yake miwili, wa chini na wa juu, na utenganishe wanawake na wanaume. Wanawake ni wachache mno kwenye kliniki hizi, na jumla moja huwaficha.

Upatikanaji hupimwa kando. Methadoni hunywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, hivyo swali la msingi ni nauli ya kwenda na kurudi na saa ambazo dirisha liko wazi, zikilinganishwa na saa za kazi za mvuvi, mpiga debe au mama lishe. Andika siku ambazo dawa iliisha, muda wa kusubiri kuanzishiwa tiba, na kama mgonjwa anayekamatwa huendelea kupata dozi akiwa mahabusu. Ongeza vipimo viwili vya ubora: sehemu ya wagonjwa waliobaki kwenye tiba baada ya miezi sita, na sehemu ya wanaopata dozi ya kutosha, ambayo kwa wengi ni miligramu 60 au zaidi kwa siku. Kliniki yenye dozi ndogo huonekana imejaa wakati wagonjwa wake bado wananunua unga jioni.

Kabla ya kuchapisha chochote, ondoa majina ya maskani na ramani zake. Jumla za wilaya zinatosha kupanga bajeti. Orodha ya vijiwe ikifika mikononi mwa polisi, waelimishaji rika hawatapokelewa tena katika hesabu ijayo.